Ripoti ya CAG, benki zilizofungwa na bima ya gari: kamati za Bunge zinaziangalia pesa zetu saa ngapi?

Karani wa Masjala (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila Aprili, ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ikishatua bungeni, humu panawaka moto wiki mbili. Watu wanapiga picha kurasa, wanazungushia wino mwekundu, wanatukana, halafu ligi inanoga na ripoti inasahaulika. Novemba wabunge wanapojadili ripoti ile ile, humu kimya.

Nimekuwa upande wa pili wa ile meza. Nilikuwa mhasibu wa halmashauri moja (siitaji, bado nina ndugu kazini pale) na mara tatu nimekaa mstari wa nyuma kwenye ukumbi wa kamati Dodoma, mbele yangu Afisa Masuuli (bosi anayewajibika kwa hela za ofisi), mapajani mafaili. Kazi ya mtu wa mstari wa nyuma ni moja tu: mbunge akiuliza, ukurasa uwe umeshafunguka kabla bosi hajageuka.

Mwaka mmoja LAAC, kamati ya hesabu za serikali za mitaa, walituuliza kuhusu masurufu (hela aliyopewa mtu kwa kazi ya ofisi) ambayo hayakurejeshwa. Hela yenyewe haikuwa ya kutisha. Mkurugenzi akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nyaraka zipo." Mwenyekiti akauliza zipo wapi. Nikainuka, nikapeleka faili. Akalifungua, akawa anapitisha kidole kwenye risiti moja moja, akasimama kwenye ya nne. Tarehe yake ilikuwa ya baada ya sisi kupokea barua ya wito. Hakufoka. Alimsogezea mjumbe wa pembeni, naye akamsogezea wa tatu, faili likazunguka meza nzima kimya kimya mpaka likarudi kwangu. Ningetukanwa ningeumia kidogo kuliko vile.

Sasa mpate na upande wa pili wa kisa. Mkurugenzi aliyekuwa anatokwa jasho pale hakuwa yule aliyetumia hela. Yule alishahamishiwa mkoa mwingine, na mweka hazina wake alishastaafu. Hoja inabaki ofisini, watu wanahama. Ndiyo maana nikiona mtu anaandika "kamati iwafunge", najua hajawahi kuhesabu miezi.

Tuihesabu pamoja. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. CAG ana miezi tisa baada ya hapo, anampelekea Rais ripoti mwisho wa Machi, na kwa Ibara ya 143 ya Katiba Rais anaagiza ipelekwe bungeni. Ndiyo ile ya Aprili. Baada ya hapo PAC (kamati ya hesabu za serikali kuu) na LAAC wanaita watu, wanahoji, wanaandika taarifa yao, Bunge linajadili. Ripoti ya 2021/22 iliingia bungeni Aprili 2023 na kujadiliwa Novemba 2023. Shilingi iliyotumika vibaya Julai 2021 imekuja kuongelewa na mbunge baada ya miezi 28. Mtoto aliyezaliwa siku ile hela inaliwa ameshaanza kuongea.

Hilo ni jicho la nyuma. Kuna jicho la mbele nalo ni Kamati ya Bajeti, iliyoanza kipindi cha Spika Makinda, mwishoni mwa 2012. Hii inakutana na hela kabla haijatoka: inapitia makadirio, inapitia Muswada wa Sheria ya Fedha, inasikiliza wadau. Meno yake yana kipimo chake pia. Soma Ibara ya 99: mbunge kwa hiari yake hawezi kupeleka bungeni pendekezo la kuongeza kodi wala kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Kupunguza anaweza. Kuongeza ni lazima kutoke serikalini. Kwa hiyo mbunge anayewaambia jimboni "nitawaletea hela ya barabara", muulizeni kwa ibara gani. Anachoweza ni kubembeleza, kubishana, na ikishindikana kushika shilingi.

Kwa vijana: kushika shilingi ni pale Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili waziri alazimike kusimama na kujieleza. Ni silaha nzuri ikitumiwa mapema. Ikichelewa, muda unaisha, gilotini inaingia (mjadala unakatwa, kura inapigwa), mafungu yaliyobaki yanapita kama mabehewa ya treni ya mizigo.

Kilichonifanya niandike lakini ni katikati ya macho hayo mawili. Benki inapoanza kuyumba, kampuni ya bima inapoanza kuchelewesha malipo, hiyo haisubiri Aprili ya CAG wala Juni ya bajeti. Inaangaliwa na BoT (Benki Kuu) na TIRA (msimamizi wa bima). Kamati inaonana na Wizara, wakati mwingine na Gavana au Kamishna wa Bima, inasomewa taarifa nzuri yenye grafu. Mwenye benki haonekani pale. Mwenye hela iliyokwama ndiyo kabisa, hata geti halijui. Nani humu anakumbuka kamati ilisema nini kabla ya 4 Januari 2018?

Karibuni. Matusi pelekeni kule kwenye siasa.

---

Njiwa Manga

Nipo siti ya mbele. Ila mkuu hiyo tarehe 4 Januari 2018 fafanua, wengine tulikuwa bado shule.

---

Karani wa Masjala

Siku ile BoT ilifunga benki tano kwa mkupuo: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima Kagera. Sababu iliyotolewa ni mtaji kutofika kiwango cha sheria. Kabla yake, Mei 2017, FBME ilikuwa imenyang'anywa leseni. Baada yake, Agosti 2018, BoT ikashika Bank M, ambayo baadaye ikahamishiwa Azania. Kipindi kile bima ya amana ilikuwa inalipa mwisho shilingi 1,500,000 kwa mteja. Kiwango kimekuja kupandishwa kuwa 7,500,000 mwaka 2023.

---

Mama Vikoba

Kaka Karani umenikumbusha kidonda.

Kikundi chetu tulikuwa wanawake 23. Tulikuwa tunaweka kwenye sanduku la funguo tatu, mambo yanaenda. Akaja mtu wa benki (siitaji) na kalenda na fulana, akatuambia sanduku ni hatari, leteni benki. Kweli tukapeleka. Siku ilipofungwa tulisimama nje ya mlango tunasoma tangazo lililobandikwa kwa gundi, mlinzi anatuambia akina mama sogeeni pembeni msizibe njia.

Baadaye tukaenda kudai. Tukaulizwa akaunti ngapi? Moja. Basi mteja ni mmoja. Walitupa 1,500,000 kwa watu 23. Mweka hazina wetu akapiga kikokotoo mbele yetu: elfu sitini na tano mia mbili na kumi na saba kila mtu. Kuna mama alikuwa ameweka laki nane humo. Kilichobaki tuliambiwa tusubiri mfilisi auze mali za benki.

Niliuliza swali moja hakuna aliyenijibu mpaka leo. Hawa walijua lini kwamba benki ni mgonjwa? Maana yule mtu wa kalenda alikuja miezi mitano tu kabla.

---

Karani wa Masjala

Pole sana mama. Swali lako ndilo ambalo kamati inatakiwa kuliuliza, na ndilo gumu kuliko yote.

Niwe mkweli hapa. BoT ikisema hadharani "benki fulani ni mgonjwa", kesho asubuhi kila mtu yuko dirishani na benki inakufa siku hiyo hiyo, hata kama ingepona. Kwa hiyo siri ina maana yake. Shida ni kwamba siri hiyo hiyo inamfunika msimamizi aliyelala. Mbunge hawezi kutofautisha msimamizi aliyenyamaza kwa busara na aliyenyamaza kwa uzembe, isipokuwa aombe ratiba: mtaji ulishuka lini, barua ya kwanza ya onyo iliandikwa lini, benki ilipewa muda gani, iliendelea kupokea amana mpya mpaka lini. Hayo yote unaweza kuyauliza baada ya benki kufungwa, maana siri imeshaisha kazi. Kikao cha namna hiyo hata cha faragha kingenitosha.

---

Kisu cha Mezani

Mnajisumbua. Bunge ni muhuri. CAG Assad alisema Bunge ni dhaifu, akafanywa nini? Januari 2019 akaitwa kwenye Kamati ya Maadili. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia halitafanya kazi naye. Novemba mwaka huo huo akaondolewa, akaja Kichere. Yaani mkaguzi ndiye aliyekaguliwa. Halafu mleta uzi anatuletea hadithi za risiti.

---

Karani wa Masjala

Mkuu Kisu, hapo hatubishani kwenye tukio, na malizia na kipande ulichoacha: Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Miaka mitatu baadaye, lakini ilisema.

Kuhusu muhuri, nakukubalia nusu. Kuna Ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kila mbunge anaijua hiyo anapoitwa jina mmoja mmoja mwezi Juni kusema ndiyo au hapana. Ameikopea kampeni, ana mkopo wa gari, halafu aseme hapana arudi jimboni? Wengi hawana ubavu huo, na sijui kama mimi ningekuwa nao.

Ila nusu nyingine sikupi, sababu yupo atakayekuja kukukumbusha 2014.

---

Njiwa Manga

Nimekuja! 😂

Escrow, yaani akaunti ya kushikilia hela mpaka ugomvi uishe. Ilifunguliwa BoT mwaka 2006 kwa sababu TANESCO na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, walikuwa wanagombania malipo ya umeme. Mwisho wa 2013 hela ikatoka, zaidi ya shilingi bilioni 300. PAC chini ya Zitto na makamu wake marehemu Filikunjombe wakaichukua ripoti ya CAG, wakaisoma bungeni, tarehe 29 Novemba 2014 Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Waziri Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Muhongo naye akajiuzulu. Tulikuwa tunaangalia live kwenye TBC, baba yangu alizima hata jenereta la jirani lisimpigie kelele.

Kamati ile ilikuwa kamati hii hii, na Katiba ilikuwa hii hii.

---

Kisu cha Mezani

Na mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti wa wakati ule alikuwa miongoni mwa waliotajwa kwenye ripoti ya PAC. Hilo umeliruka.

---

Njiwa Manga

Sijaliruka mkuu, nilikuwa nakuachia wewe.

---

Karani wa Masjala

Kisu kapata hapo. Na mimi naongeza: EPA, akaunti ya madeni ya nje. Shilingi bilioni 133 zilizolipwa kwa makampuni 22 mwaka wa fedha 2005/06 zilitoka ndani ya BoT yenyewe, siyo kwenye benki ya mtaani. Gavana Ballali aliondolewa Januari 2008. Nyumba ya askari ndiyo iliyovunjwa, na askari hakupiga filimbi.

Tofauti ya Escrow na miaka mingine naiona hivi, mnaweza kunipinga: PAC haikwenda bungeni na maneno. Ilikwenda na mlolongo wa malipo, hela imetoka akaunti ipi, imeingia benki ipi, kwa nani, tarehe ngapi. Waziri anaweza kubishana na hasira ya mbunge mpaka asubuhi. Na tarehe atabishana nayo vipi? Nilijifunza hilo siku ile faili lilipozunguka meza.

---

Tairi Kipara

Naomba niulize kizembe, mimi ni dereva. Mmeongelea benki mpaka mmeacha bima. Nalipa bima ndogo (ile ya kumlipa unayemgonga) kila mwaka, 118,000 na kodi yake ndani, kwa sababu trafiki. Si kwa sababu nyingine yoyote.

Mwaka juzi nilimgonga mwendesha bodaboda mguu. Kosa langu, sikatai. Nikapeleka karatasi zote kwenye kampuni ya bima: PF ya polisi, ya hospitali, picha, leseni. Wakasema inakosekana moja. Nikaleta. Wakasema ofisa aliyekuwa na faili kahama. Nikaja wiki ya pili, faili lenyewe halionekani. Yule kijana miezi saba alikuwa ananipigia simu mimi, siyo kampuni. Mwisho nilimpa hela yangu ya mfukoni ya kununulia chuma cha mguuni, kampuni ikaja kulipa sehemu baada ya hapo na barua ya kunishukuru kwa uvumilivu 😡

Kwenye hizo kamati kuna mtu aliwahi kuuliza hela za 118,000 zetu sote zinakwenda wapi na madai mangapi yamelipwa kwa muda?

---

Karani wa Masjala

Kaka Tairi, si swali la kizembe. Ndilo la uzi mzima.

Mabilioni ya bima yakisomwa kwenye kamati yanasomwa kama ukuaji wa sekta: mauzo ya bima yamepanda asilimia kadhaa, makofi. Mauzo yakipanda maana yake umelipa. Anayejali mguu wa bodaboda angeomba jedwali lingine: kila kampuni, madai yaliyopokelewa, yaliyolipwa, siku ngapi kila moja, yaliyokataliwa na kwa sababu ipi. Halafu angelichapisha. Mimi ningechagua kampuni kwa jedwali hilo, siyo kwa kalenda ya ukutani.

Kwa sasa una sehemu mbili za kukimbilia. TIRA wenyewe, wanapokea malalamiko, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Watu wengi hawamjui kabisa. Beba nakala za kila kitu na kila ukipeleka karatasi dai mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri ule ndio utakaokuwa risiti yako ya nne.

Na kagua stika yako kwenye mfumo wa TIRA kabla trafiki hajakukagulia. Kuna watu wanatembea na stika ambazo hazipo kwenye mfumo.

---

Mama Vikoba

Na hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa mtaani, je? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo toka 2018 lakini mtaani kwetu mtu anachukua kitanda cha mwenzake kwa deni la laki.

---

Karani wa Masjala

Mama hiyo anzisha uzi wake, nitakuja. Nikiigusa hapa hatulali. Kwa kifupi sheria imetaka leseni, hao wengi hawana, na BoT haina mtu kwenye kila mtaa. Bungeni imeshalalamikiwa sana tu.

---

Kisu cha Mezani

Haya mzee. Tuseme nimekubali nusu yako. Nifanye nini na hiyo Juni yako?

---

Karani wa Masjala

Ukumbuke tozo ya miamala. Ilianza kukatwa 15 Julai 2021, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Wote humu tuliijua siku ile tulipotuma hela nyumbani, ujumbe wa simu ukaja na mistari mitatu badala ya miwili. Tukapiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena, Oktoba 2022 baadhi ya miamala ikaondolewa tozo. Kelele zilifanya kazi, lakini mwaka mzima na zaidi ulikatwa.

Muswada ulikuwa mezani Juni 2021. Kamati inapochambua muswada wa fedha huwa inatoa tangazo, inaita wadau waje Dodoma au walete maoni kwa maandishi. Wanaokwenda ni nani? Wenye viwanda vya bia, mabenki, kampuni za simu, wana wanasheria na kurasa 40 zilizojalidiwa. Wako sahihi kwenda, siwalaumu. Wewe mtuma hela nyumbani hujapeleka hata ukurasa mmoja.

Ukitaka kupeleka: taja kifungu, kwa namba. Sema kikipita kama kilivyo kitakugharimu nini, kwa mfano wako mwenyewe, hesabu ionekane. Andika unataka kisomekeje. Ukurasa mmoja. Usiandike "Serikali iangalie upya", hiyo karani anaiweka chini ya rundo, nakuambia kama karani.

Na usifikiri kuchelewesha hakuwezekani. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukakwama, watu wakauliza hela itatoka wapi, ukaja kupita Novemba 2023. Mwaka na ushee.

---

Njiwa Manga

Mods huu uzi ubandikwe juu tafadhali, msiunganishe na ule wa mishahara ya wabunge.

---

Kisu cha Mezani

Nitaandika ukurasa mmoja. Wasipousoma nakuja kukutafuta wewe.

---

Karani wa Masjala

Nipo.

---

Tairi Kipara

Mrejesho wa stika: nimeingiza namba ya gari kwenye mfumo. Gari limeonekana, kampuni imeonekana. Ila tarehe ya kuisha kwenye mfumo ni ya wiki iliyopita, na kwenye stika niliyobandikiwa kiooni imeandikwa mwezi ujao. Kesho sitoi gari. Naenda ofisini kwao na simu mkononi.

---

Mama Vikoba

Omba mhuri.